Mteremko wa Ngomo na Breki ya Mbele

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu kwenye kimo cha mita 1,460 hivi na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 na ushei. Urefu wake ni kilomita 117, lakini mto huo haugawi mteremko wake sawasawa. Sehemu kubwa unaimaliza ndani ya korongo, katika kilomita 40 za mwanzo, kisha unajilaza kwenye bonde la Luvungi, Sange na Kiliba na kujikokota hadi ziwani. Barabara ya Bukavu kwenda Uvira haikupata njia iliyo bora zaidi. Inapita Nya-Ngezi, inakwea milima ya Ngomo, halafu inajitupa chini hadi Kamanyola. Madereva wengi wameiogopa kiasi cha kuvuka mpaka, kushuka kwa upande wa Rwanda kupitia Bugarama, na kurudi Kongo palepale Kamanyola. Wanaobaki na Ngomo wanajua kwamba kupanda kunapima injini na kushuka kunapima breki.

Hesabu yake si ngumu. Chukua pikipiki, dereva, abiria mmoja na gunia la muhogo, jumla kilo 250. Uzito huo ukishuka mita 700, nishati inayoachiliwa inatosha kuchemsha lita 5 za maji. Sehemu yake humezwa na upepo, sehemu na injini iliyo kwenye gia ndogo. Kinachobaki hakina pa kwenda isipokuwa kwenye breki, na kwenye pikipiki ndogo za zamani breki hizo ni ngoma mbili za chuma ambazo kiganja kilichokunjuliwa vizuri kinaweza kuzifunika. Ya nyuma hukanyagwa kwa mguu. Ya mbele huvutwa kwa vidole vya mkono wa kulia kupitia waya mwembamba, na ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu chombo kinapofunga breki uzito wake huegemea mbele. Gurudumu la mbele hushika ardhi kwa nguvu, la nyuma huwa jepesi. Kwenye lami kavu, karibu asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha pikipiki hufanyika mbele.

Na ndiyo breki iliyotelekezwa zaidi. Kwenye vituo vya motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, kuanzia Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi hadi bandari ya Kalundu, si ajabu kukuta mkono wa breki ya mbele unaning'inia, waya umekatika au umelegezwa makusudi. Ukiuliza, utaambiwa inaangusha. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo una historia ndefu kuliko pikipiki yoyote iliyopo Uvira leo.

Kabla ya gurudumu, mgeni alifika Uvira kwa mtumbwi. Wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili hivyo kutoka Ujiji mwezi wa Aprili 1858, wakitaka kujua kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Waliambiwa unaingia, wakavunjika moyo, wakarudi bila kuuona mdomo wa mto. Livingstone na Stanley ndio waliokwenda kuthibitisha jambo hilo mwishoni mwa 1871. Burton aliacha maelezo ya soko alilolikuta. Uvira ilikuwa ghala la kaskazini la wafanyabiashara wa Ujiji: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, na bidhaa za chuma. Hizo za mwisho hazitajwi sana, nazo zinastahili. Chuma kilichofuliwa na wahunzi kilikuwa na wateja kwenye pwani hii muda mrefu kabla ya spana ya kwanza kushushwa Kalundu.

Wabelgiji walipoimarisha utawala wao walileta kwanza reli. Njia ndogo ya kampuni ya CEFAKI ilitoka Kalundu, ikapita bonde lote la Ruzizi na kukoma Kamanyola. Ilikoma hapo kwa sababu mbele yake kulikuwa na ukuta wa milima. Mizigo iliyofika ziwani kwa meli ilipakiwa kwenye mabehewa, ikabebwa kwenye tambarare, kisha ikashushwa na kupakiwa upya kwenye malori ya kupanda Bukavu. Kwa maneno mengine, treni iliacha kazi palepale breki ilipoanza kuhitajika kwelikweli. Lori likaichukua kazi hiyo, na kufikia 1958 reli ilifungwa kabisa.

Pikipiki ilikuja na watu waliohitaji kwenda mahali ambapo lori halikuwa na sababu ya kwenda: mkaguzi wa mashamba ya pamba, muuguzi, padri, karani wa posta. Ubelgiji ilikuwa na viwanda vyake vya pikipiki, na vitatu vikubwa vilikuwa katika mji mmoja, Herstal, jirani na Liège: FN, Saroléa na Gillet. FN kilianzishwa mwaka 1889 kutengeneza bunduki, na mwaka 1905 kikaishangaza Ulaya kwa pikipiki yenye silinda nne. Saroléa nacho kilianza kwa silaha. Watengenezaji hawa walijua kuchonga chuma kwa usahihi wa mtutu wa bunduki, lakini breki ya mbele haikuwapa usingizi mwema hata wao.

Pikipiki za mwanzo zilirithi breki za baiskeli: kipande cha mpira au ngozi kinachobana ukingo wa gurudumu. Kilishika vizuri siku ya jua, siku ya mvua kikateleza. Waendeshaji wa Ulaya wa miaka hiyo, kwenye barabara za mawe na tope, waliichukia breki ya mbele kama anavyoichukia motari wa Makobola leo. Walioweza kukwepa kuitumia walikwepa. Ngoma ya ndani, ambayo Mfaransa Louis Renault aliitumia kwenye magari mwaka 1902, ilichukua zaidi ya miaka 20 kuwa kitu cha kawaida kwenye gurudumu la mbele la pikipiki. Wazo lake ni rahisi: viatu viwili vya breki, vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimekaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Ukivuta waya, kipande bapa cha chuma huzunguka kati ya ncha zao na kuvitanua mpaka vigusane na ukuta wa ngoma. Ukiachia, springi huvirudisha.

Kinachogusa ukuta si chuma cha kiatu chenyewe. Juu yake kuna tabaka la msuguano, na kuhusu tabaka hilo kuna kisa cha Mwingereza Herbert Frood, aliyeanza shughuli zake huko Derbyshire mwaka 1897. Inasimuliwa kwamba Frood aliwaona waendesha mikokoteni ya farasi wakifunga buti kuukuu kwenye vibao vya breki kabla ya kuteremka milima, akaona kwamba buti linashika kuliko mbao. Akatengeneza tabaka lake la nyuzi zilizoloweshwa gundi, baadaye akaingiza asbesto iliyovumilia joto, na kampuni yake, Ferodo, ikawa jina la bidhaa yenyewe katika gereji nyingi za watu wanaozungumza Kifaransa. Upande wa pili wa ziwa, vijana wanaoteremka kutoka Bugarama ya Burundi kwenda Bujumbura na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli bado wanatumia teknolojia ileile iliyomfungua macho Frood: soli ya kiatu. Hawakuisoma Derbyshire.

Zama za Herstal zilikwisha katikati ya miaka ya 1960, wakati viwanda hivyo vilipoacha pikipiki kimoja baada ya kingine. Kwa bahati mbaya wakati huohuo Uvira yenyewe ilikuwa motoni. Waasi wa Simba waliuteka mji Mei 1964, na pwani yote hadi Baraka na Fizi ikawa uwanja wa vita. Ziwa nalo, baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, lilikuwa limefurika hadi kimo ambacho watu wa rika hilo hawakuwahi kukiona. Pikipiki za Kibelgiji zilizosalimika zilijikuta hazina tena kiwanda cha kuzilea, na njia ya kufikishiwa chochote ilikuwa imekatwa.

Zilizofuata zilitoka Japani. Honda na Yamaha ziliingia mashariki mwa Kongo kupitia misheni, miradi ya kilimo na huduma za afya, na baadhi ya mashine za kizazi hicho bado zinatembea. Yamaha AG100 ilibuniwa kwa ajili ya wakulima wenye mashamba makubwa: mnyororo umefunikwa kabisa ndani ya bati, stendi zipo pande zote mbili, breki ni ngoma mbele na nyuma. Honda CG125 ya 1976 ilizaliwa baada ya wahandisi wa Honda kugundua kwamba katika nchi nyingi mwenye pikipiki huiendesha mpaka ikatae, ndipo aiangalie. Wakaacha mnyororo wa ndani wa injini unaohitaji uangalizi na kurudia fito za zamani zisizodai mengi. Waliielewa Afrika, Asia na Amerika Kusini kwa mkupuo mmoja. Breki, hata hivyo, hawakuweza kuifanya isiyodai kitu. Breki inakula mwili wake yenyewe kila inapofanya kazi.

Kuna tofauti kati ya mashine hizo ambayo watu wa mteremko wanaijua vizuri. CG ni injini inayokula petroli tupu. Ukiifunga gesi kwenye gia ya pili inakushikilia. AG100 na Yamaha DT za zamani zinachanganya petroli na oili, na injini za aina hiyo hazishikilii karibu chochote. Ukiachia gesi kwenye Ngomo zinakwenda tu, kama zimefunguliwa kamba. Mzigo wote unarudi kwenye ngoma mbili. Na ngoma ikipata joto kali hutanuka, ukuta wake ukasogea mbali na viatu, mkono wa breki ukazidi kuingia ndani hadi ukagusa usukani. Dereva anayeshuka na injini imezimwa ili kubana matumizi ya petroli, desturi iliyoenea kila petroli inapoadimika, anatafuta ugomvi na sheria za fizikia.

Sasa ndani ya kitovu.

Fundi anayejua kazi yake haanzi na waya. Anatoa gurudumu, anachomoa sahani iliyobeba viatu, na kutazama mambo matatu kabla ya kugusa spana nyingine. Kwanza unene wa ferodo: kwenye Honda ndogo kikomo ni milimita 2, na chini ya hapo ribiti za shaba huanza kulima ukuta wa ngoma. Pili, rangi yake. Ferodo yenye afya ni ya kijivu isiyong'aa. Ikiwa inang'aa imepikwa na joto, na itateleza hata ikibanwa kwa nguvu zote, inahitaji msasa. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, grisi ya beringi imevuja, na hapo msasa hausaidii kwa sababu mafuta yamezama ndani. Tatu, ukuta wa ngoma. Mchanga wa ufukweni, kutoka Kalundu hadi Mboko, huingia kwenye kitovu chochote ambacho mpira wake wa kuzuia maji umechakaa, ukachora mifereji inayosikika kwa ukucha. Pikipiki iliyolala msimu wote wa mvua nayo huota kutu ndani, na kutu hiyo inakula ferodo mpya katika wiki chache.

Vumbi lililomo ndani halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Ferodo za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu taratibu, miaka mingi baada ya kuvutwa. Ubelgiji iliipiga marufuku 1998 na Umoja wa Ulaya mzima ukafuata 2005, lakini kiatu kilichofungwa kwenye pikipiki ya 1979 hakikupata taarifa. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha. Hili ni somo ambalo gereji nyingi za Afrika Mashariki na Kongo bado hazijalichukua kwa uzito unaostahili.

Kama ngoma imepoteza uduara wake, dereva huihisi kama mapigo kwenye mkono wa breki. Chanzo mara nyingi hakimo kwenye ngoma. Ni spoku zilizokazwa bila mpangilio, upande mmoja ukivuta kitovu kuliko mwingine. Mkerezaji mwerevu hakubali kukereza kitovu kilichotolewa kwenye rimu. Anataka gurudumu zima, spoku zikiwa zimekazwa, ndipo anakata ukuta kidogo tu. Mashine ya kukereza yenye uwezo wa kupokea gurudumu zima haipo kila kona. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikuwa mahali pa namna hiyo, kwa sababu kiwanda cha sukari hakiishi bila karakana ya kuchonga, kuchomelea na kurekebisha. Kilisimama mwaka 1996 kwa ajili ya vita, na bonde likapoteza pamoja na sukari shule ya ufundi isiyokuwa na kibao cha shule.

Kisha kuna ferodo mpya. Pale ambapo viatu vya dukani havipatikani, fundi hutoboa ribiti za zamani, hukata kipande kutoka ferodo ya lori, na kukigandamiza juu ya kiatu kilekile. Ribiti zinaanzia katikati kuelekea ncha. Ukianza pembeni, kipande huinuka katikati na kubaki na hewa chini yake. Vichwa vya ribiti lazima vizame. Baada ya hapo ferodo ya lori, ambayo ilikatwa kwa ngoma kubwa, haiwezi kulingana na ngoma ndogo, kwa hiyo husuguliwa mpaka ipate mpindo wake. Anayetaka kuhakikisha hupaka chaki ukutani mwa ngoma, anafunga gurudumu, anavuta breki kidogo huku akilizungusha, kisha anafungua na kuona chaki imeshika wapi. Panaposhika sana panasuguliwa tena. Kazi hii inaweza kumaliza mchana mzima, na mteja asiyeelewa huona fundi anachezea chaki.

Kipande bapa kinachotanua viatu hupakwa grisi kidogo sana ya kuvumilia joto. Kikikauka kinakwama, breki inabaki imeshika, ngoma inachemka. Kikizidishiwa grisi inayeyuka na kumwagikia ferodo. Wenzo ulio nje ya kitovu nao una siri yake: wakati breki inaposhika, pembe kati yake na waya inapaswa kuwa nyuzi 90 au karibu na hapo. Ukizidi hapo nguvu ya vidole inapotea njiani.

Hapa ndipo udanganyifu mkubwa wa gereji za haraka unapofanyika. Ferodo ikiisha, badala ya kubadilisha viatu, fundi anachomoa wenzo na kuusogeza jino moja mbele kwenye shina lake. Mkono wa breki unarudi kuwa mgumu na mteja anaondoka anafurahi. Wengine wanabandika kipande cha bati kati ya ncha ya kiatu na kipande bapa, athari ni ileile. Kinachotokea ndani ni kwamba kipande kile sasa kinazunguka kupita kiasi, na siku moja, dereva akivuta kwa woga kwenye kona, kinapinduka na kubaki kimesimama, viatu vikiwa vimebana na gurudumu la mbele limefungwa. Pikipiki inamrusha. Mashahidi wanasema breki ya mbele imemwangusha, na hawasemi uongo.

Waya ni habari fupi. Unaning'inizwa wima usiku kucha na oili inadondoshwa ndani yake polepole. Unapitishwa mahali ambapo usukani ukikunjwa kabisa hauuvuti. Nyuzi zikianza kukatika karibu na kichwa chake cha risasi, hauna miezi, una siku. Nafasi ya kulegea kwenye ncha ya mkono wa breki inabaki sentimita 2 hadi 3. Mwisho wa kazi, hatua moja ambayo inachukua dakika moja na ambayo wengi wanairuka: kabla ya kukaza nati ya ekseli, zungusha gurudumu, vuta breki kwa nguvu uishikilie, ndipo ukaze. Sahani ya viatu inajipanga yenyewe katikati ya ngoma. Breki dhaifu nyingi hazina ugonjwa mwingine zaidi ya kukosa dakika hiyo.

Kwa nini basi, kama ufundi ulikuwepo, breki ya mbele ikapuuzwa? Jibu la haraka husema ni ujinga wa madereva. Ni jibu la uvivu. Ramani inajibu vizuri zaidi. Kipuri cha pikipiki kilichokuwa kinakuja Uvira kilishushwa Dar es Salaam, kikapanda reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, kikavuka ziwa hadi Kalundu, au hadi Bujumbura kisha kwa barabara kupitia Gatumba. Mwaka 1996 njia hizo zote zilikatwa kwa mkupuo. Mwezi wa Julai, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Oktoba, vita vya waasi wa AFDL vilianzia palepale Uvira. Agosti 1998 vikafuata vita vya pili. Katika miaka hiyo mwenye pikipiki alilazimika kuchagua kipi kitengenezwe, na pikipiki inaweza kutembea bila breki ya mbele. Haiwezi kutembea bila mnyororo, bila plagi, bila tairi. Viatu vya mbele vilitolewa, vikahamishiwa nyuma kwenye mashine ambazo vipimo vyake vinalingana, na kijana aliyejifunza kuendesha kipindi hicho alijifunza kwenye chombo chenye breki moja. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake.

Barabara ilitia muhuri somo hilo. Kuanzia Uvira kwenda Baraka, kilomita 100 hivi, gurudumu hupita kwenye changarawe, mchanga, tope, na maji ya mito inayoshuka kutoka milima ya Mitumba. Kwenye changarawe gurudumu la mbele likifungwa halitoi onyo. Anayeijua breki ya mbele huivuta kwa vidole viwili, taratibu, huku pikipiki ikiwa imesimama wima. Anayeijua kwa sifa mbaya huiacha. Kanuni za nchi haziachi nafasi ya mjadala: kanuni ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka pikipiki iwe na breki mbili, moja ya gurudumu la mbele. Motari anayesimamishwa njiani huulizwa karatasi kwanza.

Maji yameongeza mkasa wake. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katikati ya Uvira, ukabomoa maelfu ya nyumba na kuua watu kadhaa. Kisha ziwa lenyewe likaanza kupanda, likameza sehemu za barabara upande wa Kavimvira na Gatumba, na mwaka 2024 likafikia vimo vilivyowakumbusha wazee miaka ile ya 1960. Pikipiki zilisukumwa kwenye maji yaliyofika kwenye ekseli. Ngoma iliyojaa maji haishiki. Ferodo iliyolowa inateleza juu ya tabaka jembamba la maji mpaka joto liikaushe. Tiba ni kuvuta breki kidogokidogo kwa mita mia kadhaa baada ya kutoka, huku gesi imefunguliwa. Tiba ya kesho yake ni kufungua kitovu, kwa sababu tope la mafuriko halitoki lenyewe.

Pikipiki za Kihindi na Kichina zilizojaza mji tangu miaka ya 2000, Bajaj na TVS zikiwa za kwanza kutajwa, zimebadilisha hesabu ya gereji. Viatu vyake vinauzwa vikiwa tayari, ndani ya kifuko cha nailoni, kwa bei ambayo haimwachii fundi wa ribiti faida yoyote. Baadhi ya mifano mipya ina diski mbele, ile iliyoingizwa sokoni kwa wingi na Honda CB750 mwaka 1969. Diski haiogopi maji kama ngoma na ikipata joto haikimbii. Lakini ina kioevu kinachonyonya unyevu hewani na kinachopaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, jambo ambalo kwenye pwani yenye joto na unyevu kama hii lina uzito wake. Uchafu wa dakika moja kwenye chupa iliyoachwa wazi unaharibu kile ambacho fundi wa waya alihitaji uzembe wa mwaka mzima kukiharibu.

Wenye AG100, DT na Honda za miaka ya 1970 wamebaki upande mwingine wa mabadiliko hayo. Dukani vipimo vyao havipo, au vipo kwa jina tu: kiatu kinachofanana, kipana kwa milimita 2, kinachoingia kwa nyundo na kukwama kabla ya Kiliba. Njia yao ni ileile ya zamani, ribiti na ferodo ya lori, na aliyebaki anaijua kazi hiyo kwa kawaida hutengeneza breki za malori, pikipiki akizipokea jioni baada ya kazi kubwa kwisha. Ana pendekezo moja ambalo wateja wake hulipinga kila mara: wachague ferodo laini. Ngumu inadumu, lakini ilikusudiwa kubanwa na hewa ya kompresa ya lori, na vidole vinne vya binadamu haviwezi kuipa joto la kutosha ili ishike. Laini itaisha kabla ya mwaka. Mteja anasikia neno kuisha na kuomba ngumu.